Rada ya jeshi, deni lako: Maswali ambayo kijana wa Machakos anafaa kuuliza

UMEWAHI kupanda matatu ya kutoka Nairobi kwenda Machakos, ukatoa noti ya mia tano, halafu konda akakuambia “chenji utapata mbele”? Basi unajua kinachofuata. Mnapita Mlolongo, mnapita Athi River, mnakata kona pale Makutano ya Kyumbi, na bado unamkodolea macho. Ukinyamaza, utashuka stejini Machakos ukiwa umesahau, na chenji imeenda.

Siku nyingine ukikata kona hiyo ya Kyumbi, hebu angalia upande wa kushoto. Vile ni vilima vya Mua. Wengi wetu tunavijua kwa matunda, baridi na picha za kupiga Jumapili. Lakini huko juu pia kuna kituo cha rada cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Kenya (KCAA), kinachosaidia kufuatilia ndege zinazopita juu ya vichwa vyetu.

Utauliza, rada na chenji ya matatu zina uhusiano gani? Jirani zetu Watanzania wanajua jibu. Kwao kuna msemo ambao hata mtoto wa shule ya msingi aliusikia: “chenji ya rada”. Ulitokana na rada iliyouzwa kwa bei ambayo watu wachache waliikubali na mamilioni wakailipia. Na kwa kuwa Kenya nayo sasa inakopa ili kununua vifaa vya kulinda anga, stori hiyo inakuhusu wewe hapa Machakos kama inavyomhusu msee wa Dar es Salaam.

Rada si rada tu

Kazi ya rada ni rahisi kueleza. Inatupa mawimbi ya redio angani kisha inasikiliza mwangwi, kama vile unavyoweza kupiga kelele kwenye vilima vya Iveti na sauti yako ikakurudia. Mawimbi ya redio husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndege ikiwa umbali wa kilomita 150, mwangwi unarudi kwa sehemu moja tu ya elfu ya sekunde. Kompyuta inahesabu muda huo na kukuambia kitu kiko wapi.

Lakini kuna aina mbili ambazo ni muhimu uzitofautishe, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotelea.

Aina ya kwanza ni ile ya maswali na majibu. Rada inauliza, “Wewe ni nani?” na kifaa kilicho ndani ya ndege kinachoitwa transponda kinajibu kwa nambari yake ya tarakimu nne pamoja na kimo ambacho ndege inaruka. Rada za kuongoza ndege za abiria siku hizi hutegemea sana mtindo huu. Ni rahisi kiasi, na inafanya kazi vizuri kwa sababu rubani wa abiria anataka aonekane.

Aina ya pili haiulizi mtu chochote. Inategemea mwangwi wenyewe. Hii ndiyo jeshi linahitaji, kwa sababu adui hawezi kuwasha transponda akutangazie kwamba amefika. Kombora halijibu salamu. Droni iliyobeba bomu pia haijibu. Kwa hivyo rada ya kijeshi lazima iwe na nguvu zaidi, iweze kutenganisha droni ndogo na ndege mnyama, ijue kimo bila kuambiwa, na istahimili adui akijaribu kuizima kwa kelele za redio. Hayo yote ni gharama.

Halafu kuna tatizo ambalo mtu wa Machakos analielewa bila kuchorewa: vilima. Mawimbi ya rada husafiri karibu moja kwa moja, na dunia ni duara. Chukua rada iliyowekwa kwenye mlingoti wa mita 9 mahali tambarare. Ndege iliyo kimo cha mita 10,000 inaweza kuonekana ikiwa zaidi ya kilomita 400. Droni inayoruka mita 100 kutoka ardhini itaonekana ikiwa imebakisha kilomita 53 hivi tu. Ikiwa droni hiyo inakwenda kilomita 180 kwa saa, una dakika kama 17 za kuamua la kufanya. Ikiwa ni kombora la kasi ya kilomita 6,000 kwa saa, una kama nusu dakika. Na ikiwa kuna kilima katikati, huoni kitu.

Ndiyo maana rada hupelekwa mlimani. Ukiinua rada hiyo hadi mita 100 juu ya uwanda, droni ileile utaanza kuiona ikiwa kilomita 82. Kwa hivyo muuzaji akija na karatasi ya rangi nzuri imeandikwa “inaona kilomita 400”, swali la kwanza ni: inaona nini, ikiwa kimo gani, kutoka mahali gani?

Kilichotokea ng’ambo ya Namanga

Sasa twende Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1990, serikali ya nchi hiyo ilikubali kununua mfumo wa rada aina ya Watchman kutoka kwa kampuni ya Uingereza, BAE Systems. Bei ilikuwa karibu dola milioni 40, sawa na pauni milioni 28 wakati huo. Mkopo ulitoka kwa benki ya Barclays.

Kumbuka hali ya Tanzania wakati huo. Mnamo Novemba 2001 nchi hiyo ilikuwa imefikia hatua ya kusamehewa sehemu kubwa ya madeni yake kupitia mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Mwezi uliofuata, serikali ya Uingereza ikatoa leseni ya kuuza rada ile. Yaani mkono mmoja unasamehewa deni, mwingine unachukua deni jipya.

Si kwamba hakuna aliyelalamika. Clare Short, aliyekuwa waziri wa maendeleo ya kimataifa wa Uingereza, aliipinga hadharani. Waziri Mkuu Tony Blair akaiunga mkono, na ikapita. Mwaka wa 2002, wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), walioombwa maoni na Benki ya Dunia, walisema mfumo huo kimsingi ulikuwa wa kijeshi, na kwamba kama nia ni kuongoza ndege za abiria, basi ni ghali mno na hautoshi.

Soma tena hapo. Wananchi waliambiwa rada itasaidia anga lao, watalii waje, ndege zilipe ada. Wataalamu wakasema kifaa chenyewe hakilingani na kazi hiyo. Hilo ndilo tatizo la kununua kitu ambacho hakuna anayeruhusiwa kuuliza ni cha nini hasa. Ukiuliza bei, unaambiwa ni ya jeshi. Ukiuliza kama jeshi linaihitaji, unaambiwa ni ya ndege za abiria.

Kisha wachunguzi wa makosa makubwa ya ulaghai nchini Uingereza wakaanza kuchimba. Wakagundua kwamba takriban dola milioni 12.4 zilikuwa zimelipwa kwa kampuni za wakala mmoja, mfanyabiashara Shailesh Vithlani. Piga hesabu: katika kila shilingi 100 za bei ya rada, shilingi 31 zilikwenda kwa dalali. Hata wakala wa nyumba wa Syokimau hawezi kukuitisha hiyo na akupe ufunguo huku anatabasamu.

Mnamo Aprili 2008, Andrew Chenge, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wakati mkataba unapitishwa, alijiuzulu uwaziri baada ya habari kutoka kwamba wachunguzi wamepata zaidi ya dola milioni moja katika akaunti yake kisiwani Jersey. Alikana kwamba pesa hizo zilikuwa na uhusiano na rada, na hakuwahi kushtakiwa kwa sakata hilo. Lakini neno alilotumia kuzieleza pesa hizo, “vijisenti”, liliingia katika lugha ya mtaa na halijatoka mpaka leo.

Desemba 2010, BAE Systems ilikiri mbele ya mahakama ya Southwark jijini London kosa la kutoweka rekodi sahihi za uhasibu kuhusu malipo hayo. Si hongo, kosa la vitabu vya hesabu. Faini ilikuwa pauni 500,000. Na kampuni ikakubali kuwalipa wananchi wa Tanzania pauni milioni 29.5.

Hiyo ndiyo chenji ya rada. Ilipofika mwaka wa 2012, ilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Fikiria mtoto aliyezaliwa mkataba ulipotiwa saini. Alipofika umri wa kumaliza darasa la saba, ndipo pesa za dawati lake ziliporudi kutoka London. Yeye alishakaa chini miaka yote hiyo.

Sasa ni zamu yetu

Katikati ya mwaka wa 2025, vyombo vya habari hapa Kenya viliripoti kwamba stakabadhi za Hazina ya Kitaifa kuhusu mikopo mipya zilionyesha mkopo wa takriban Sh3.4 bilioni kutoka Israel. Kazi yake: kununua mfumo wa kukinga anga uitwao SPYDER, unaotengenezwa na kampuni ya Rafael.

SPYDER ni zaidi ya kombora. Ni familia ya magari: moja lina rada, jingine ni la amri, mengine yanabeba mitambo ya kurusha makombora ya Python na Derby, ambayo ndiyo asili ya jina lenyewe. Rada ikiona, watu wa amri wanaamua, kombora linatoka. Rada ikiwa kipofu, hayo makombora mengine yote ni mapambo ya gwaride la Jamhuri Dei.

Je, Kenya inahitaji kitu kama hicho? Usikimbilie kusema hapana. Vita vya Sudan vimeonyesha jinsi droni zinavyoweza kufika mbali na uwanja wa vita na kuwasha moto bandari na viwanja vya ndege. Nasi tuna historia yetu. Mnamo Novemba 28, 2002, asubuhi ileile hoteli ya Paradise iliposhambuliwa kule Kikambala, magaidi walirusha makombora mawili kwa ndege ya abiria ya Israel ikipaa kutoka uwanja wa Moi, Mombasa. Yalikosa kidogo tu.

Lakini angalia vizuri: makombora yale yalirushwa kutoka begani, na mtu aliyejificha karibu na uwanja. Na mnamo Januari 5, 2020, Al-Shabaab waliposhambulia kambi ya Manda, Lamu, wakaua Wamarekani watatu na kuharibu ndege, walipenya kwa miguu kupitia vichaka. Katika visa vyote viwili, rada ya mabilioni juu ya kilima isingewaona.

Hiyo haimaanishi tusinunue. Inamaanisha lazima mtu aulize tishio ni lipi, na kama kifaa kinalingana nalo. Kila KDF inaposajili makurutu, vijana wa kaunti hii huamka alfajiri kujipanga foleni, vyeti mkononi. Baadhi yao watakaa kwenye kambi ambazo usalama wake utategemea rada hiyo. Ikinunuliwa mbovu, au vipuri vikose, hasara haitakuwa ya Hazina peke yake. Itakuwa ya kaka yako.

Na pesa pia ni zako. Sh3.4 bilioni ukigawanya kwa Wakenya milioni 47.6 waliohesabiwa katika sensa ya 2019, kila mtu anadaiwa kama Sh71, bei ya mkate. Unaona ni kidogo? Machakos tulihesabiwa zaidi ya milioni 1.4. Sehemu ya kaunti hii pekee inapita Sh100 milioni, na hapo hatujaongeza riba.

Maswali manne ya kubeba mfukoni

Kwa hivyo ukisikia tena kwamba serikali inanunua rada, droni, au mfumo wowote wa ulinzi, uliza haya manne.

Moja, ni ya kuzuia nini? Ndege za kivita, droni ndogo, au makombora? Rada moja haiwezi kuwa bingwa wa yote. Rada ya Watanzania ilianguka hapa kwanza.

Mbili, bei imejumuisha nini? Rada bila vipuri, jenereta, mafunzo ya wahandisi na programu za kuisasisha ni kama kununua gari la mtumba kisha ukose pesa za mafuta. Gharama ya kuitunza kwa miaka 20 inaweza kuumiza kuliko ile ya kuinunua. Nani atairekebisha ikiharibika, fundi wetu au mtu wa kupandishwa ndege?

Tatu, kuna wakala? Analipwa na nani, asilimia ngapi, na katika akaunti ya nchi gani? Hili peke yake lingeokoa Tanzania.

Nne, tunalipa vipi? Mkopo ni wa riba gani, wa miaka mingapi, na unatulazimisha kununua kwa kampuni moja bila kulinganisha bei?

“Lakini hiyo ni siri ya serikali”

Hapo ndipo utazimwa. Na ukweli usemwe, kuna mambo ambayo hayafai kutangazwa: rada itakaa wapi, inatumia masafa gani, upofu wake uko upande gani, makombora mangapi yako ghalani. Mtu akidai hayo kwenye TikTok anamsaidia adui.

Lakini jina la kampuni, bei, riba na wakala si siri za vita. Marekani, ambayo haina mchezo na ulinzi wake, huchapisha taarifa kwa bunge lake kabla ya kuuzia nchi nyingine mifumo mikubwa ya silaha: rada gani, inakwenda nchi gani, kwa makadirio ya bei gani. Adui akisoma hayo hajui la kufanya nayo. Mlipa ushuru ndiye anayejua.

Sheria zetu zinakupa nafasi, ingawa nyembamba. Ni kweli kifungu cha 90 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 kinaruhusu utaratibu maalumu kwa bidhaa za siri. Lakini Katiba, kifungu cha 227, inasema ununuzi wa umma uwe wa haki, wazi, wa ushindani na usiopoteza pesa. Kifungu cha 211 kinamlazimu Waziri wa Fedha kueleza mkopo wowote ndani ya siku saba iwapo Bunge litapitisha azimio la kumtaka afanye hivyo. Kifungu cha 229 kinampa Mkaguzi Mkuu kazi ya kukagua hesabu za serikali.

Na kuna moja ambayo vijana wengi hawaijui. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakuruhusu wewe, raia wa kawaida, kuandika barua na kuomba taarifa. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili. Sheria imesema hivyo waziwazi. Kuiwasilisha ni bure. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Wanaweza kukataa kwa sababu za usalama wa taifa, na kwa mambo ya jeshi huenda wakakataa. Hapo unakwenda kwa Ombudsman kuomba uamuzi huo uangaliwe upya. Sheria yenyewe inatambua kwamba wakati mwingine faida ya umma kujua ni kubwa kuliko madhara ya kutoa habari.

Usiombe ramani ya kambi. Omba masharti ya mkopo.

Pia kaunti hii ina wabunge wanane, kutoka Masinga hadi Mavoko. Bunge la Kitaifa lina kamati ya ulinzi, ujasusi na mashauri ya kigeni ambayo inaweza kuuliza hata yale wewe huwezi kuambiwa, nyuma ya mlango uliofungwa. Swali lako kwa mbunge wako lisiwe “rada iko wapi?” Liwe “uliuliza?” Akikuambia ni siri, mwambie hutaki jibu la siri. Unataka tu kujua kama kuna mtu aliyechaguliwa na wananchi ambaye ameona mkataba huo kwa macho yake.

Juni 2024 vijana wa nchi hii mlisoma Mswada wa Fedha ukurasa kwa ukurasa, mkautafsiri kwa lugha za mama, mkaujadili hadi kwenye vibanda vya chai. Mliambiwa ni mambo ya wachumi. Mkaelewa. Rada si ngumu kuliko VAT.

Watanzania walibahatika. Chenji yao ilirudi, ingawa ilichukua zaidi ya miaka 10 na wachunguzi wa nchi nyingine. Sisi hatuna hakikisho hilo. Na yeyote aliyewahi kushuka stejini Machakos bila pesa zake anajua wakati wa kumuuliza konda ni ukiwa bado ndani ya gari.